Kwa Basi la Kawaida Hadi Magofu ya Kibudha ya Sri Lanka: Mwongozo Kamili wa Polonnaruwa, Anuradhapura na Mihintale

Mara ya kwanza kwenda Polonnaruwa nilijipitiliza mwenyewe. Konda alipaza sauti "Polonnaruwa, Polonnaruwa!" mahali penye ziwa upande mmoja na vijiduka upande wa pili, watu wawili wakashuka, mimi nikabaki nimetulia. Kwa akili ya mtu aliyezoea stendi za mikoani, nilijua mji haujafika mpaka basi liingie stendi. Basi liliingia stendi kweli, ila ni stendi ya Kaduruwela, karibu kilomita nne mbele. Nikarudi na bajaji kwa bei aliyoitaka dereva, maana begi langu mgongoni lilishamweleza kila kitu.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba kwa basi unafika kwenye magofu haya bila taabu. Kazi ni kujua ushuke wapi, na uwe umeshashuka kabla jua halijawa kali. Mzunguko ninaoueleza hapa ni wa siku tano tangu unapoondoka Negombo: Negombo, Kurunegala, Dambulla, Polonnaruwa, Anuradhapura, Mihintale, kisha Puttalam na kurudi Negombo. Sehemu kubwa ya barabara huirudii. Kwa basi la kawaida, noti ya rupia 1,000 inakulipia safari ya saa nne na chenji inarudi.

Kabla hujapanda ndege

Kibali cha kuingia kinaitwa ETA na unakiomba mtandaoni. Tovuti ya serikali ni eta.gov.lk. Zipo nyingine zinazofanana nayo zinazokutoza zaidi kwa kazi ileile, kwa hiyo soma anwani herufi kwa herufi kabla ya kutoa namba ya kadi.

Cheti cha homa ya manjano usikiache nyumbani. Sri Lanka inakidai kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya, Uganda, Burundi na Congo zimo. Hata kama unatokea Tanzania, kibebe, ni kikaratasi cha njano kisicho na uzito wowote. Chanjo ipigwe angalau siku 10 kabla ya kuingia, maana kabla ya hapo cheti hakihesabiki.

Kwenye begi weka nguo zinazofunika mabega na magoti, nyeupe au za rangi hafifu kama unazo. Kikoi au saruni inafaa sana, wenyeji nao wanavaa saruni. Kanga inafaa kujifunika na hata kutandika kwenye siti yenye joto. Halafu soksi nene, jozi mbili. Usinicheke, utanikumbuka saa sita mchana ukiwa umevua viatu juu ya jiwe lililokaangwa tangu asubuhi.

Kama umechorwa tatuu ya Buddha, ifunike kuanzia uwanja wa ndege. Watu wamewahi kurudishwa kwao kwa sababu hiyo.

Majira: maeneo haya yako ukanda mkavu wa kisiwa. Mvua zake kubwa ni za Oktoba mpaka Januari. Juni hadi Septemba kuna joto kali lakini barabara na njia ni kavu. Angalia pia kalenda ya mwezi. Kila mwezi mpevu ni sikukuu, inaitwa Poya, na siku hiyo pombe haiuzwi na mabasi ya kwenda miji mitakatifu yanajaa mpaka ngazini. Poya ya Juni, inayoitwa Poson, ndiyo inayofurika kuliko zote Anuradhapura na Mihintale. Ni tukio la kuona, ila usitegemee siti wala chumba.

Basi lenyewe

Yapo ya aina tatu. Mabasi mekundu ni ya shirika la umma: mazito, ya zamani, hayana haraka sana. Ya watu binafsi hukimbizana na yamepambwa: juu ya dereva kuna picha ya Buddha yenye taa zinazobadilika rangi, shada la maua ya plastiki, na muziki usiozimwa. Ukiona dereva anavyolipita lori kwenye kona utakumbuka yale maneno ya nyuma ya daladala, kutangulia si kufika. Aina ya tatu ni basi dogo lenye kiyoyozi, na lina kanuni moja ya kukumbuka: unalipa nauli ya mpaka mwisho wa safari hata ukishukia katikati.

Mimi napanda jekundu. Madirisha yako wazi, na linaposimama kila kijiji unaiona nchi.

Nauli unampa konda ukiwa umeshakaa. Anakupa tiketi, itunze, kwa kuwa wakaguzi hupanda njiani. Beba noti za 20, 50 na 100. Ukimpa noti kubwa asubuhi anaweza kukuandikia deni la chenji nyuma ya tiketi, naye hukulipa akishakusanya, mradi umkumbushe kabla hujashuka. Kumwita, sema "malli", yaani mdogo wangu, au "aiya", kaka mkubwa, ukiona kakuzidi umri. Huku nako watu wasiojuana huitana kwa majina ya undugu, na konda aliyeitwa "aiya" hakusahau. Ukitaka kushuka sema "bahinawa". Bei unauliza "kiyada?" na "hari, hari" ni "sawa, sawa", utaisikia mpaka uiote.

Kamba inayopita chini ya dari ni ya kengele. Mlio mmoja ni kusimama, miwili ni twende. Usiivute kwa kushikilia, kama nilivyofanya mimi basi lilipoyumba; dereva alisimama porini na abiria wote wakageuka kutafuta anayeshuka.

Siti za mbele karibu na mlango ni za watawa. Zimeandikwa, lakini zikiwa tupu na basi limejaa utashawishika. Kaa ukipenda, ila mtawa akipanda simama mara moja, hata kama ni kijana wa miaka 12 mwenye joho la rangi ya zafarani. Mwanamke asikae siti moja na mtawa. Si dharau kwake. Ni kanuni ya utawa wa yule bwana.

Begi kubwa huwekwa mbele kushoto kwa dereva au chini ya siti ya nyuma. Ndiyo maana ninakushauri upande pale basi linapoanzia safari, dakika 20 kabla. Ukilidaka njiani utasimama, na kusimama saa tatu kwenye basi linalopinda hivyo ni adhabu.

Vibao vya mbele vina maandishi ya Kisinhala, Kitamil na Kiingereza. Jina moja litakuchanganya: Kandy wenyeji wanauita Nuwara. Ukisikia konda anaimba "Nuwara, Nuwara", usidhani ni Nuwara Eliya, ule mji wa baridi wenye mashamba ya chai.

Siku ya kwanza: usiende Colombo

Uwanja wa ndege uko Katunayake, kaskazini mwa Colombo. Wageni wengi hupanda basi namba 187 kwenda Colombo mjini, kesho yake wanarudi kaskazini kwa njia ileile. Hakuna haja. Ukitoka Katunayake nenda Negombo, ni karibu, ulale huko. Asubuhi mapema panda basi la Kurunegala, safari ya kama saa mbili hivi. Kurunegala ni njia panda ya mabasi ya karibu kila upande. Unashuka, unanyoosha mgongo, unauliza la Dambulla. Hapo ni saa moja na nusu au mbili tena.

Kama umeanzia Kandy, stendi ya mabasi ya mbali inaitwa Goods Shed, jirani na stesheni ya treni. Polonnaruwa kutoka pale ni kama saa nne.

Dambulla kuna mapango matano yenye sanamu na michoro ya ukutani, na hekalu lake lilianza karne ya 1 KK. Pango la pili ndilo kubwa; keti chini humo, macho yazoee giza, utaona dari lote limechorwa kufuata mabonde ya jiwe kana kwamba ni hema. Saa mbili zinatosha. Sigiriya iko jirani na ina basi lake kutoka Dambulla, ila kwa mtu anayetafuta magofu ya Kibudha mimi naiacha: umaarufu wake ni wa ngome ya mfalme, na tiketi yake ni ghali.

Kula kwenye vibanda vilivyoandikwa "hotel". Kama kwetu, hoteli huko ni pa kula zaidi ya pa kulala. Wali na mchuzi wa aina nne au tano saa sita, ukikosa chukua vade za dengu zinazopandishwa ndani ya basi kwenye karatasi ya daftari la shule. Barabarani wanauza thambili, dafu la rangi ya chungwa, na achari ya matunda mabichi, nao wanaiita karibu vivyo hivyo. Neno moja, pilipili ileile.

Polonnaruwa: shuka kwenye ziwa

Mabasi ya kwenda huko yameandikwa Kaduruwela au miji ya mbele zaidi, Batticaloa kwa mfano. Mwambie konda tangu mwanzo: "Polonnaruwa, mji wa zamani, makumbusho." Ukiona maji mengi kulia kwako, anza kukusanya vitu. Lile unaloliona ni bwawa la kuchimbwa, Parakrama Samudra, "bahari ya Parakrama". Mfalme Parakramabahu wa Kwanza alitawala kuanzia 1153 hadi 1186, na hilo bwawa ndilo lililolisha mji wake. Mpaka leo linamwagilia mpunga.

Lala hapo, usijaribu kuunganisha siku hiyohiyo. Asubuhi kodi baiskeli kwenye gesti, kagua breki na uombe kufuli. Saa moja uwe makumbusho, ndipo tiketi inapokatwa. Kwa mgeni tenga dola 30 kwa Polonnaruwa na nyingine kama hizo kwa Anuradhapura. Hilo ndilo litakalouma. Nauli zote za safari hii ukizijumlisha hazifiki tiketi moja.

Endesha kuelekea kaskazini bila kurudi nyuma. Kwanza jumba la mfalme, kuta nene za matofali zenye matundu ya mihimili. Pita haraka, jua bado linakuruhusu mengine. Simama kwenye uwanja mtakatifu ambako majengo kadhaa yamesogeleana. Vatadage ni la duara, na chini ya ngazi zake kuna jiwe la nusu mwezi lenye mistari ya wanyama. Litazame vizuri: tembo, farasi, bata. Ng'ombe hayumo. Inavyoelezwa, Kihindu kilikuwa kimeshaingia sana mjini humu, na dume la ng'ombe ndiye kipando cha Shiva, hivyo hakuna aliyetaka akanyagwe. Shika hilo akilini, tutamtafuta ng'ombe huko mbele.

Hatua chache kutoka hapo kuna Gal Pota, "kitabu cha jiwe". Ni bamba moja la urefu wa mita nane na zaidi, linalokadiriwa tani 25, limeandikwa sifa za mfalme Nissanka Malla aliyetawala kuanzia 1187. Ubavuni limeandikwa kwamba lilitolewa Mihintale, karibu kilomita 100. Wewe baada ya siku tatu utakwenda Mihintale kwa basi na utalalamika siti ngumu.

Endelea: Rankoth Vehera, stupa kubwa, yaani kuba la matofali lililojaa ndani, lisilo na mlango, hekalu ambalo mtu haliingii bali hulizunguka likiwa kulia kwake. Kisha Lankatilaka, kuta mbili ndefu kama za kanisa lisilo na paa, na mwisho wake Buddha aliyesimama bila kichwa. Ndipo unafika Gal Vihara.

Hapa tumia saa nzima. Sanamu nne zimechongwa kwenye jabali moja la matale. Iliyolala ina mita 14, na mistari ya asili ya jiwe inapita usoni kama mawimbi, wachongaji hawakuificha. Sasa sogea kichwani. Mto wa jiwe umebonyea kidogo pale kichwa kilipouegemea, kama mto wa pamba. Kisha nenda miguuni. Unyayo wa juu umerudi nyuma kidogo, haukulingana na wa chini. Inasemekana hiyo ndiyo alama kwamba hajalala, bali ameshafariki na kuingia nirvana, ukombozi wa mwisho wa Kibudha. Nilikaa kwenye mwamba wa mbele, nikamwona mama mmoja na mwanawe wakiweka maua, wakakaa kimya, wakaondoka bila kupiga picha.

Picha piga, lakini usisimame ukiipa sanamu mgongo. Walinzi watakupulizia filimbi, na wana haki. Vua viatu na kofia kila penye sanamu. Nyani wadogo wa huko wanajua sauti ya mfuko wa nailoni kuliko jina lao, kwa hiyo ndizi zibaki begini.

Saa kumi na moja uwe umerudisha baiskeli. Usiendeshe giza likiingia, tembo wa mwituni hukatiza barabara za eneo hili.

Kwenda Anuradhapura

Sasa Kaduruwela inakufaa. Nenda stendi hiyo asubuhi, kwa basi lolote linaloelekea mashariki, ukapate siti pale yanapoanzia. Ya moja kwa moja kwenda Anuradhapura ni machache. Ukikosa, panda lolote linalopita Habarana, badilisha hapo. Jumla ni saa tatu au zaidi kidogo. Kati ya Polonnaruwa na Habarana barabara inapita Minneriya, hifadhi ya wanyama yenye bwawa. Kiangazi, bwawa likipungua, tembo hukusanyika hapo kwa mamia, na mara nyingine wanasogea hadi barabarani. Kuwaona ukiwa dirishani ni bure.

Anuradhapura ni mkubwa na umetawanyika, siku moja nzima kwa baiskeli. Tiketi ni ya siku moja, kwa hiyo ukifika saa nane mchana usiikate. Jioni hiyo nenda sehemu ambazo haziko kwenye tiketi kubwa: mti na Ruwanwelisaya.

Mti ni Jaya Sri Maha Bodhi. Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka wa India, alileta chipukizi la mti ambao Buddha alipata mwangaza chini yake, likapandwa hapa karne ya 3 KK. Linatajwa kuwa mti wa kale zaidi duniani uliopandwa na binadamu na tarehe yake ikajulikana. Utapekuliwa langoni. Usione ni usumbufu: Mei 1985, wakati wa vita, waumini waliuawa hapa. Mti wenyewe si mnene, matawi yake yameegemezwa kwa nguzo za rangi ya dhahabu kama mzee anayeshikwa mikono na wajukuu. Jani likianguka, watu huliokota kwa mikono miwili.

Kwa miguu kutoka hapo ni Ruwanwelisaya, kuba jeupe la mfalme Dutugemunu wa karne ya 2 KK, limezungukwa na ukuta wa tembo waliosimama bega kwa bega. Hapo hakuna gofu. Watu wanavaa nyeupe, wanawasha taa za mafuta, watoto wanakimbia peku. Polonnaruwa ulitembelea waliokufa. Hapa umeingia nyumbani kwa watu, ongea taratibu.

Kesho yake kata tiketi mapema uanze na Jetavanaramaya, stupa ya karne ya 3 BK. Ilipokamilika ilikuwa na mita 122 hivi, na kwa enzi zake yaliyoizidi urefu ni mapiramidi mawili tu ya Giza. Imejengwa kwa matofali yanayokadiriwa milioni 93. Leo imebaki mita 71, na bado inakufanya ujione siafu. Kisha Abhayagiri, ambako mtawa wa Kichina Faxian aliishi miaka miwili mwanzoni mwa karne ya 5 na kuandika kwamba watawa 5,000 walikuwa humo. Pitia mabwawa pacha ya Kuttam Pokuna, ukanywe maji kivulini.

Halafu uliza "moonstone" yaani jiwe la nusu mwezi la jumba la Mahasena, limezungushiwa uzio. Hesabu wanyama kwenye duara: tembo, farasi, simba, na ng'ombe yule hapa, nundu na yote. Nilifurahi kumwona kama mtu aliyempata mbuzi wake aliyepotea.

Mihintale asubuhi

Kilomita 13 mashariki. Mabasi yanatoka stendi mpya mara kwa mara, ni nusu saa tu. Panda la kwanza unaloweza. Ngazi ni 1,840, za mawe mapana, chini ya miti ya maua meupe. Hazichoshi ukizianza kabla ya saa mbili. Huku ndiko Mahinda, kaka yake Sanghamitta, alikokutana na mfalme Devanampiya Tissa aliyekuwa mawindoni, na Ubudha ukaingia kisiwani. Kiingilio kinalipwa kwenye uwanja wa juu, unapoacha viatu.

Kabla ya kupanda, chini karibu na barabara, kuna magofu ya hospitali ya watawa. Wengi huyapita. Ndani kuna bafu la jiwe moja, limetobolewa kwa umbo la mtu: kichwa, mabega, kiuno, miguu. Mgonjwa alilazwa humo akamwagiwa mafuta na dawa za miti. Pima bega lako kwa macho. Mimi nisingeenea.

Kurudi kwa njia ya Puttalam

Begi lako liko Anuradhapura, lichukue, upande basi la Puttalam, karibu saa mbili kuelekea pwani. Mashamba ya mpunga yanaisha, minazi inaanza, halafu mashamba ya chumvi. Nje kidogo ya Puttalam kipo kijiji cha Sirambiadiya, chenye jamii ndogo ya watu wenye asili ya Afrika. Wazee wao waliletwa na Wareno, na baadaye Waholanzi na Waingereza, wengi kutoka upande wetu wa bara, Msumbiji na kandokando yake. Wanajulikana kwa jina Kaffir, neno lilelile tunalolijua kwa Kiarabu, ila kwao halibebi tusi. Nyimbo zao zinaitwa manja, zina maneno ya Kireno kilichovunjika na mdundo utakaokufanya ugeuze shingo. Kama una nusu siku, chukua bajaji kutoka Puttalam. Ila usiende kama mtu anayekwenda kuangalia maonyesho. Nenda, salimia, sema unatoka wapi.

Kutoka Puttalam mabasi ya kawaida ya Colombo hupitia Chilaw na Negombo, saa tatu hivi mpaka Negombo. Ukiwa na ndege usiku, baki mpaka Katunayake, na mwambie konda mapema, kwa sauti ya kumshinda mwimbaji: "Aiya, Katunayake bahinawa."